Daftari la Eldrid

Pakiti nne zilisimama mezani kama wanafunzi wanaosubiri kusahihishiwa: mbili za samaki, mbili za kulungu wa kaskazini. Chakula chote kilikuwa kimekaushwa kwa kugandishwa, chepesi hata upepo wa mlangoni ungeweza kukipeperusha. Kando yake niliweka daftari la marehemu mke wangu, Eldrid, pamoja na kalamu mbili. Nilikuwa nimeshachanja kuni, nimeteka maji ziwani na kufagia kibanda. Alibaki mjukuu wangu kuingia.

Kwa miaka ishirini na sita, kila vuli, mimi na Eldrid tulipanda hadi kibanda hiki cha wapita njia mlimani kulinganisha vyakula vya safari. Tulitoa alama moja hadi sita, kama pande za dadu, kila mtu katika safu yake. Mimi nilipima maji kwa kikombe na muda kwa saa. Yeye alitia maji ya moto kwa kukisia tu, akaifunga pakiti na kuiingiza ndani ya sweta, akisema tumbo lenyewe litamwambia ikiiva. Nilimcheka kwa kukosa utaratibu. Tangu afariki, safu yangu imeendelea peke yake, na alama za mtu mmoja hazilinganishi kitu. Daftari lilibakiwa na kurasa mbili.

Wakati wa Pasaka nilimwambia mjukuu wangu huyo, Sunniva, mbele ya watu, kwamba hajawahi kumaliza jambo lolote aliloanza. Alikuwa ameacha chuo. Alinyanyuka, akavaa koti, akaenda zake. Hatukusemezana hadi Agosti, ilipofika kadi yake: "Babu, basi tumalize daftari la bibi. Kibandani, Alhamisi, wiki ya 37." Kwetu kila wiki ya mwaka ina namba yake, na watu hupanga harusi na hata matibabu ya meno kwa namba hizo. Sikutazama kalenda. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minane. Nilihesabu mwenyewe, kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Januari.

Saa tisa ilipita. Saa kumi na moja ikapita. Kitabu cha wageni, ambamo kila apitaye huandika jina lake, atokako na aendako, sikukifungua. Nilitaka tuandike pamoja, majina mawili mstari mmoja, kama zamani. Badala yake nilikaa nikitunga maneno ya kumwambia akifika, na kila sentensi ilikuwa imenyooka kama rula.

Mlango ulifunguka. Akaingia mwindaji, mama mnene mwenye bunduki begani na mbwa aliyelowa.

"Hodi! Naitwa Jorunn. Mzee, umefungua duka?"

"Namsubiri mtu."

"Kwa pakiti hizo? Huyu mbwa wangu juzi kala soksi, lakini hizo hazigusi."

"Mama, huu ni mtihani. Mbwa hakusajiliwa."

Alicheka mpaka akakaa. Kisha akavuta kitabu cha wageni ajiandikishe, akalamba kidole, akafunua.

"Sunniva Tveito ni wako? Naona begi lako nalo limeandikwa Tveito."

"Mjukuu wangu. Hajafika."

"Kafika, mbona! Kalala siku mbili. Wiki iliyopita."

"Haiwezekani. Leo ni Alhamisi ya wiki ya 37."

"Ya 38, mzee wangu. Mwaka huu wiki ya kwanza ilianza kabla Desemba haijaisha."

"Nilihesabu."

"Naona," alisema, lakini kwa upole, akanisogezea kitabu, akatoka kumlisha mbwa.

Mwandiko wa Sunniva ulikuwa wa Eldrid mtupu, ule wa kuegemea mbele kama mtu anayepanda mlima. *Samaki: tano. Kulungu: mbili, chumvi imezidi. Nimesubiri siku mbili. Nadhani babu bado amekasirika. Pakiti yake ya samaki nimeiacha kabatini.*

Kule kibandani simu haishiki. Hadi kwenye kilele ambako hushika ni mwendo wa saa nne, na giza lilikuwa limekaribia. Maneno yangu yaliyonyooka sikujua niyapeleke wapi.

Niliitoa pakiti kabatini. Nilitia maji ya moto, nikaifunga. Saa yangu niliivua, nikaiweka mezani kifudifudi. Kisha nikaiingiza pakiti ndani ya sweta, mahali ambapo moto wake ulinigusa mbavu, nikaishikilia kwa mikono miwili hadi Jorunn aliporudi.

Nilikula yote. Daftarini nilinakili alama za Sunniva katika safu iliyokuwa tupu, na yangu nikaiandika kando: nne, kwa kuwa ndivyo ilivyostahili. Mwisho nilivuta kitabu cha wageni. Chini ya maneno yake niliandika jina langu, nitokako, na kwamba alfajiri naelekea kileleni. Kwenye nafasi ya tarehe kalamu ilisita, kisha nikaandika kwa herufi kubwa, zinazosomeka na kila apitaye:

*Wiki ya 38.*