Rangi ya Bastola ya Mzee Burl

Tangu waingie dukani kwa Echave, Arlene hajakaa chini. Kiti kipo, kahawa ipo, lakini anazunguka tu: mara dirishani kutazama theluji inavyorundikana juu ya pikapu yao, mara kaunta, mara dirishani tena. Ranchi ameacha ng'ombe wanaozaa. Lakini tusidanganyane, si ng'ombe waliomnyima raha. Ni ile bastola.

Baba yake, mzee Burl Hackney, alikuwa ameilaza kwenye kitambaa mbele ya Echave, fundi nakshi. Ilikuwa bastola ya babu, imezunguka malisho ya Wyoming na familia hiyo tangu enzi za farasi. Mzee alikuwa ametangaza mezani nyumbani kwamba ataitia nakshi na jina la atakayeirithi, kisha akaendelea kula maharage yake bila kulitaja. Na Arlene, kwa kile kiburi cha kwao, hakuuliza, ingawa roho ilikuwa juu juu. Yeye ndiye aliyebaki ranchi. Yeye ndiye aliyeipaka bastola mafuta kila Jumapili tangu macho ya mzee yaanze kufifia. Kaka yake Dwight alishahamia Seattle, na kwake hata kupiga simu ni kazi.

"Nakshi ya majani, ijae silinda yote ya risasi," mzee alisema. "Na hapa ubavuni, kichwa cha ng'ombe. Mwenye pembe, sio ndama wa kunyonya."

"Pembe utazipata, mzee," Echave akacheka. "Rangi je? Tuirudishie buluu yake iliyokoza, au..."

"Buluu," Arlene akadakia.

"Umeulizwa wewe?" mzee akamkata.

"Nasema tu."

Echave, mtu wa amani, akaweka vipande viwili vya chuma mbele yao, kimoja cha buluu, kingine cheupe, kilichopakwa nikeli. "Buluu ndiyo yenyewe kwa bastola ya umri huu, ila inadai matunzo. Ishike na mkono wa jasho, isahau kwenye droo, kutu hiyo. Nikeli haina makuu. Hata ukiitelekeza mwaka mzima, unaifuta, maisha yanaendelea."

Mzee akakipapasa kile cha buluu, akakipapasa cheupe, akarudia tena. "Nikeli," akasema.

"Nikeli?" Arlene akasogea. "Si wewe uliyesema nikeli ni ya wacheza sarakasi?"

"Watu hubadilika."

"Wewe? Toka lini?"

Hapo hapo likamwingia. Mkono wake yeye haujawahi kusahau mafuta. Nikeli inachaguliwa kwa ajili ya mtu anayesahau.

"Ni Dwight," alisema.

Mzee akajifanya anatafuta miwani mifukoni.

"Baba, nakuuliza. Ni Dwight?"

"Dwight hawezi kutunza kitu, unamjua."

"Namjua! Ndiyo maana unampa?"

"Nampa ili aje kuichukua!" mzee akafoka, kisha sauti ikamlegea. "Akija, labda atakaa wiki. Labda atawaleta watoto. Wewe nikuhonge ya nini, Arlene? Wewe upo. Wewe huendi popote."

Maskini mzee, alidhani anamsifu. Hata alitabasamu. Echave akainama, akaanza kuchonga penseli ambayo tayari ilikuwa kali.

"Nani kakwambia siendi?" Arlene akauliza.

Mzee akacheka kidogo, akangoja naye acheke. Arlene hakucheka. Machozi yalimjaa, akayaacha yatiririke, liwalo na liwe. Akamgeukia fundi, akamtajia herufi za jina la kaka yake moja moja, taratibu, asije akakosea.

"Ukimaliza kuandika," akamwambia, "naomba umrudishe mzee nyumbani."

"Arlene, acha utoto," mzee akasema. "Arlene! Hebu rudi hapa!"

Alishatoka. Akapangusa kioo kwa mkono wa koti, akawasha pikapu, na sauti ya baba yake ikaendelea kumwita kutoka mlangoni. Mzee alikuwa akiangalia upande usiokuwa na gari. Kumwona hivyo, Arlene karibu azime injini. Hakuizima.

Kwenye njia panda alisimama. Kushoto ni nyumbani. Nyuma yake hapakuwa na gari, hakuna aliyempigia honi, angeweza kukaa hapo mpaka jioni. Akakata kulia, wala hakujua anaelekea wapi.