Maelezo ya Baba Watoto

Mume wangu ni sajenti wa trafiki. Tangu ile ajali ya basi la shule aliyokwenda kuokoa watu, wiki mbili nzima, alikula bila kusema neno, na mtoto akidondosha kijiko anamfokea kama mwizi. Ukimuuliza, yuko sawa.

Jumamosi mchana uvumilivu ukanishinda. Nikachukua daftari, nikavuta kiti mbele yake.

"Jina na kazi."

"Mama watoto, acha utani."

"Naandika maelezo. Uliingia zamu saa ngapi?"

Miaka kumi na minane ya upolisi ikamjibia. "Saa kumi na mbili asubuhi." Akaendelea kwa sauti yao ile kavu ya kituoni: barabara, basi, majeruhi. Niliandika mpaka vidole vikauma. Mwisho akamfikia msichana aliyemtoa dirishani, mwenye sare kama ya binti yetu.

Nikamsomea yote, kama polisi wanavyowasomea watu kabla ya kutia sahihi. Nilipofika kwa yule msichana, akalia. Sikumnyamazisha. Alipomaliza akatia sahihi.

Jumatatu jioni alirudi kutoka kazini, akavua kofia, akavuta kiti mwenyewe.

"Andika," akasema. "Maelezo ya nyongeza."