Shuka la Kuanzia Mlangoni

Shangazi hakuwahi kumfungia binti mlango. Ya nini? Shuka lilitosha.

Kila asubuhi alilitandaza shuka jeupe juu ya mkeka, likaenea chumba ukuta kwa ukuta, na binti akaanza kuchora mlangoni, matako chini, akirudi nyuma kidogo kidogo kama mtu anayedeki, mpaka mgongo uguse ukuta wa dirishani. Alichora kwa chaki nyekundu ya fundi cherehani. Chaki hiyo haina subira. Ukiikanyaga inapukutika, ukiipulizia inapukutika. Kwa hiyo kila alipomaliza ua la mwisho alijikuta kwenye kona yake, na shamba zima la waridi liko kati yake na mlango. Hapo alikaa, magoti kidevuni, mpaka shangazi arudi sokoni na kikopo chake cha bluu ya kufulia. Shangazi naye alianzia mlangoni, akipitisha kijiti chenye bluu juu ya kila mstari ili usipotee. Bluu ikikauka, binti ameachiwa njia. Kesho yake shuka linakwenda kwa wadarizi, na jipya linatandazwa.

Miaka saba sasa, tangu alipomaliza shule ya msingi na shangazi akamchukua. Pale uani walimwita Chaki, maana vidole vyake havikuwahi kuonekana na rangi nyingine.

"Ningekuwa na mkono kama wako, mwanangu," shangazi alizoea kusema, akisugua magoti yake yaliyokwisha kwa kazi hiyo hiyo, "mbona ningekuwa mbali. Tulia hapa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Na mkono ulikuwepo kweli. Chaki hakupima kitu. Pembe nne za shuka lake zilitoka kama ndugu wa tumbo moja, zinafanana bila kulingana, na wadarizi waliligombea. Ila waridi ni lile lile. La jana, la leo, la kesho. Saa nyingine aliliangalia likitoka kwenye vidole vyake kama vile mtu mwingine anachora, na yeye amekalishwa tu pale kumshikia chaki.

Chumba cha pili uani alikaa Fundi Sentimita. Huyu alikuwa mtu wa kukusalimia huku anakukadiria urefu. Kazi yake ilikuwa kwenye karakana ya samani, ng'ambo ya barabara: mteja anaeleza kitanda anachotaka, Sentimita anakichora, mteja anakiona kabla mbao haijakatwa. Lakini mtoto wa jicho alishamwingia kushoto na sasa alianza kumchungulia kulia.

"Mwisho wa mwezi naacha," alimwambia Chaki siku moja kwenye foleni ya bomba. "Msimamizi anatafuta mtu. Atampa karatasi, amwonyeshe kitanda, achore. Unakitaka kiti changu?"

Chaki aliacha ndoo ikafurika.

Shangazi aliposikia hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba. "Nenda kajaribu, mimi sikuzuii," alisema. "Ila ukikosa, habari za kuondoka zimekufa. Sitaki kuzisikia tena humu ndani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, shangazi."

Basi kila alasiri, bluu ikishakauka, alikwenda kibarazani kwa Sentimita na kujifunza juu ya vipande vya plaiwudi.

"Kwanza mstari wa jicho," fundi alisema. "Unalala pale jicho lako lilipo, si juu, si chini. Kisha nukta moja juu ya mstari huo. Kila ubao unaokwenda mbali na wewe, unakwenda kwenye nukta. Usibishane nao, wewe piga rula."

"Na kama mkono unaona vingine?"

"Mkono una macho? Piga rula!"

Alipiga rula siku kumi na mbili, na kanuni zikamwingia. Ubaya wake, zilipoingia hazikukubali kutoka. Alipoketi kwenye kona yake alianza kuona mistari ya chumba: ukingo wa dari, ukingo wa sakafu, mikunjo ya shuka, yote inakimbia kutoka ubavuni kwake na kwenda kukutana mahali pamoja, kwenye komeo la mlango. Alifumba macho, akafumbua. Komeo. Chumba kilikuwa kimebanwa pale kama mdomo wa gunia.

Na waridi likafa. Alipotaka kuchora petali alijiuliza kwanza inaanzia wapi, imeinama kiasi gani, katikati yake ni ipi. Mkono ukasimama kama mtu aliyeulizwa jina lake na askari.

"Haya maua yamefanyiwa nini?" shangazi aliuliza, kijiti cha bluu kikining'inia. "Yamepigwa pasi?"

Wadarizi walirudisha shuka moja, kisha la pili. Chaki alikuwa amepoteza kile alichokuja nacho, na kile alichokifuata hakijafika.

Siku ya jaribio msimamizi wa karakana, mtu mnene mwenye penseli sikioni, alimwingiza kwenye stoo, akamwonyesha kitanda kipya cha mninga, akampa karatasi, rula na saa moja. Akafunga mlango ili kelele za msumeno zisimsumbue. Chaki alifanya yote aliyofundishwa. Mstari wa jicho, nukta, rula. Hakukosea hata unywele.

Msimamizi aliipeleka picha kwenye mwanga. Aliitazama, akageuza kichwa, akakohoa. "Dada, hapa nauza kitanda au nauza mvungu?"

Mafundi waliacha randa wakaja kuchungulia. Kitanda kilikuwa kimesimama kama jengo. Miguu minene mbele, mvungu umeachama, na godoro halionekani ila ukingo.

"Mteja wa kitanda hiki ni paka," alisema mmoja.

"Paka gani? Huyo ni panya!"

Wakacheka mpaka vumbi la mbao likaruka. Sentimita aliisogeza karatasi kwenye jicho lake zima, akapima kwa kidole. "Kanuni hajakosea hata moja," alisema polepole. "Chaki, ulikaa wapi wakati unachora?"

Chaki alifikiri swali ni la mtego. "Chini," alisema. "Pa kuchorea si chini?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Msimamizi alitoa penseli sikioni, akairudisha. "Njoo kesho saa sita kamili. Mara moja tu. Saa saba kuna mwingine."

Kesho yake shangazi alitandaza shuka mapema kuliko kawaida. "Hili linasubiriwa," alisema. "Nikirudi nataka nipitishe bluu tu."

"Saa sita naitwa karakana, shangazi."

"Kwani nimekukataza? Maliza uende." Akachukua kapu lake, akaenda sokoni.

Chaki alianzia mlangoni. Angeanzia dirishani angemaliza mlangoni na kutoka zake. Wazo hilo lilimjia alipokuwa tayari katikati, na lilimchoma, kwa sababu katika miaka saba halikuwahi kumjia. Mlangoni ndiko kunakoanziwa. Ndivyo alivyokalishwa.

Ua la mwisho lilimkuta kwenye kona. Redio ya jirani ikatangaza saa tano na nusu. Shangazi hajarudi. Chaki aliangalia komeo. Mistari yote ilikuwa pale pale, imelishika.

Akasimama. Alikwisha kusimama mle ndani mara elfu, kufagia, kukung'uta, kutafuta mende. Lakini si akiwa na chaki mkononi na macho yanayotafuta mistari. Na mistari ilihama. Aliiona ikihama. Iliachia komeo, ikapanda na kukutana sehemu ya juu ya mlango, kwenye upenyo wa hewa uliotobolewa ubaoni, ambako mwanga wa nje ulikuwa ukiingia. Akachuchumaa: komeo. Akasimama: upenyo. Fundi alimwambia mstari unalala jicho lilipo. Hakumwambia kwamba jicho linaweza kuhama, labda kwa sababu yeye hakuwahi kuchorea sakafuni maishani mwake na hakuona cha kumwambia hapo.

Chini ya miguu yake waridi lilitandazwa lote kwa mara ya kwanza, na aliona wazi lipi ni hai na lipi la rula. Katika arobaini yalikuwa hai sita.

Saa sita kasoro robo. Hakuna njia ya kupita. Kila nafasi ilikuwa na ua. Ukipita umeharibu, na ukiharibu na kukosa, utarudi kuketi kwenye kona hii hii, na safari hii bila hata neno zuri la shangazi.

Akapita. Hatua nane, wala hakunyata.

Kwenye stoo aliegemeza karatasi kwenye kabati, akachora amesimama. Alipiga mistari mitatu kwa rula, myepesi, ya kujua njia tu. Kisha rula akaiweka kwapani, akauachia mkono. Mkono ulisita. Alisubiri. Alikuwa na mazoea ya kusubiri. Ukaja taratibu, ukaupata ule mpindo wa ubao wa kichwani ambao hakuna rula ingeupata.

Msimamizi alipima. "Mguu huu wa nyuma umezidi kidogo."

"Umezidi," Chaki alikubali.

"Lakini hiki mtu atakilalia." Akamtazama miguu, myekundu kwa chaki hadi vifundoni, akaamua kutouliza. "Jumatatu. Kuna meza na kuna kiti. Ukinikalia sakafuni nakufukuza."

Alirudi nyumbani bila haraka. Mlango ulikuwa wazi. Shangazi alikuwa amepiga magoti juu ya shuka, kikopo pembeni, kijiti mkononi, na bluu ilishapita juu ya maua yote mpaka dirishani. Juu ya maua tu? La. Nyayo nane, kisigino, unyayo na vidole vyake vitano, zilizungushiwa bluu kila mahali chaki ilipopukutika, na shangazi alikuwa anamalizia kidole kidogo cha ile ya mwisho, karibu kabisa na mlango.

"Shangazi…"

"Umepata?"

"Nimepata. Jumatatu."

Shangazi hakuinua kichwa. "Hili halina mnunuzi," alisema. "Utalilalia mwenyewe huko uendako." Akachovya kijiti, akakikung'uta ukingoni mwa kikopo, akafunga kile kidole. Kisha akajivuta nje kwa magoti, taratibu, akikwepa kila mstari mbichi, akashika mkono wa binti na kuinuka.

Chaki alitaka kuingia.

"Wee, ngoja!" Shangazi alimzuia kifuani. "Bluu haijakauka."

Wakasimama wote wawili nje ya mlango, wakingoja.