Faili la Mzee Anyelwisye

Kabla ya saa sita vipimo vya bomba la maji vilitakiwa viwe vimefika Itumba, wilayani, la sivyo mradi ungehamishiwa kijiji kingine. Na mimi faili sikuwa nalo. Mzee Anyelwisye, aliyetoa chemchemi yake na mradi ukapewa jina lake, alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi yetu hapa Tunduma, kofia magotini. Alitoka Isongole kuja kuweka sahihi.

"Mwanangu Sekela, vimepotea?"

"Havijapotea, Mzee. Vimejificha tu." Nilijibu kwa ukali, ingawa hasira yangu haikuwa kwake.

Faili lilihifadhiwa kwenye kompyuta na Loisi, mwenzangu wa ofisini na mkwe wa mzee huyu, kabla hajaenda kijijini kujifungua. Kule mlimani simu haishiki. Lakini nilikuwa na programu ya kutafuta mafaili niliyoiandika mwenyewe kwa Python, lugha ya kompyuta, na najivunia hasa: hata ukikosea jina, inalinganisha herufi na kukuletea yanayokaribiana. Nikaandika "Anyelwisye". Hakuna. Nikashusha kiwango cha kufanana. Hakuna. Nikashusha tena, ikanimwagia ankara za malori na ratiba ya kwaya. Machozi yalinilenga, ila nilishaapa moyoni: kijiji kile hakikosi maji kwa sababu ya faili.

Nikamgeukia. "Mzee, Loisi akikuita nyumbani anasemaje?"

"Jina langu halitaji. Mkwe gani anamtaja baba wa mumewe? Kwetu Wandali ni mwiko. Mimi kwake ni Babu Mercy, kwa huyo mjukuu wangu wa kwanza."

Nilijiona mjinga. Nimekulia Ileje, huko huko kwa Wandali, na mama yangu hajawahi kulitamka jina la babu yangu mzaa baba. Programu yangu ilijua watu hukosea majina. Haikujua kwamba huyaheshimu.

Nikaandika "Babu Mercy". Likaja moja: bomba_babumesi. Vipimo vyote vilikuwemo, mpaka vya tenki. Mzee akaweka sahihi, nikavituma, na Itumba wakapiga simu: vimefika, bomba ni lenu.

Nikataka kulibadilisha jina lile faili, niweke la mzee, lisitusumbue tena. Mkono ukasita. Loisi atarudi kazini. Nikaliacha, nikaongeza mstari kwenye programu: anayemtafuta Anyelwisye atafutiwe pia Babu Mercy.

"Unaandika nini tena?" mzee aliuliza.

"Naifundisha mashine kukuita kama Loisi anavyokuita."

Akavaa kofia yake taratibu. "Basi na yenyewe imeolewa kwetu."