Mjomba wa Naima

Aproni ilikuwa ya Batuli, mpishi wa shule, na ilikuwa bado imelowa maji ya vyombo. Madam Hilda, mwenye shule, alimfunga Brighton kwa mikono yake mwenyewe, akakaza fundo mgongoni kama mtu anayefunga gunia.

"Wakaguzi wa vibali vya kazi wako getini," alimwambia kwa Kiingereza. "Wewe koroga tu. Usifungue mdomo. Hata chafya ikija, imeze."

Brighton Nyirenda, mwalimu wa Kiingereza, mwenye shahada yake na suti yake iliyotundikwa msumarini, akaushika mwiko akaanza kukoroga makande. Kuni zilikuwa mbichi na moshi ulimwingia machoni. Aliufurahia kidogo, maana mtu akitokwa na machozi jikoni haulizwi sababu.

Hakuvuka mpaka kuja kukoroga makande. Alikuwa ameliona tangazo kwenye simu, kwao Mzimba, kaskazini mwa Malawi: shule ya Kiingereza jirani na mji wa serikali wa Mtumba, watoto wa maofisa, nyumba ya bure, kibali juu ya shule. Kanisani wakamwombea. Mama yake akauza dume lao pekee la ng'ombe apate nauli. Akapita Kasumulu, Mbeya, Iringa, akashuka Dodoma mchana wa upepo, vumbi likamjaa mdomoni kabla hajamsalimia mtu. Madam Hilda alimpokea kwa soda baridi na mkono ulionyooshwa. Brighton akaushika akidhani ni salamu, kumbe mkono ulikuwa unangoja pasipoti. Ya kushughulikia kibali, alielezwa. Pasipoti ikaingia kwenye droo, droo ikafungwa kwa ufunguo, na kila alipoulizia aliambiwa awe na subira. Nyumba ya bure ilikuwa chumba nyuma ya stoo ya mahindi, na panya walikuwa wenyeji wake wa kwanza.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Brighton siku ya tatu alipewa kibao. Kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba ya katani, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba aliyekivaa ni mjinga, amesema Kiswahili. Mtoto akikamatwa huvishwa mbele ya paredi, hushukuru kwa Kiingereza, wenzake humpigia makofi, na jioni huosha vyoo. Wazazi wanalipia Kiingereza, Madam alisema, na kazi ya ticha mgeni ni kukilinda.

Brighton aliijua ile kamba. Naye alivishwa utotoni, kwa kosa la kusema Kitumbuka, ikamwasha shingo siku nzima. Aliijua, na bado alivisha.

Aliyevishwa mara nyingi kuliko wote ni Naima wa darasa la tano, binti wa Batuli. Walikuwa Warangi kutoka Kondoa, na Naima alisomeshwa bure kwa makubaliano kwamba mama yake hataulizia nyongeza ya mshahara. Jioni, akishamaliza vyoo, ndiye aliyempelekea Brighton chakula kule nyuma ya stoo, na huko ticha akawa yeye.

"Mtoto akikwambia shikamoo, usimjibu 'fine', ticha. Sema marahaba."

"Malahaba."

"Haya, hiyo hiyo. Dukani usiseme 'nataka'. Sema 'naomba'. Ukimkanyaga mtu, samahani."

Hakumcheka hata siku moja. Na Brighton hakuwahi kumvisha kibao kwa Kiswahili cha nyuma ya stoo. Alijiona mwema kwa hilo.

Sauti zilikuwa zinasogea jikoni. Akaingia mama mmoja wa makamo mwenye miwani, kijana wa mafaili akimfuata, na nyuma yao Madam Hilda akicheka kile kicheko chake cha wageni.

"Habari za kazi, dada?" mkaguzi alimwuliza Batuli.

"Nzuri, mama. Karibuni."

"Asante. Na wewe kaka, hujambo?"

Sijambo. Neno lenyewe alilijua vizuri. Alijua pia kwamba nyuma ya neno hilo lingekuja swali la jina, na kijiji, na kabila, na hapo ulimi wake ungemuumbua. Akaendelea kukoroga.

"Kaka, nakusalimia."

Kicheko cha Madam kilikatika. Kijana wa mafaili akasogea, akamchungulia Brighton usoni.

Naima alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, amekuja kuchukua makande ya darasa lake. Akaiweka chini.

"Shikamoo, mama. Huyo hasikii. Ni mjomba wangu, ni bubu."

"Marahaba. Bubu kabisa?"

"Eeh, tangu azaliwe. Kwetu Kondoa alikuwa anachunga, ng'ombe wanapotea, kengele hazisikii. Ndo mama akamleta huku."

Mkaguzi akamgeukia Batuli. "Kweli ni ndugu yako?"

Batuli hakuwa mtu wa uongo. Hata chumvi ya shule ilikuwa haiingii kwenye kanga yake. Alimtazama binti yake, akamtazama Madam Hilda, akavuta ushungi mbele kidogo.

"Tumbo moja, mama," alisema.

Mkaguzi akagonga ulimi kwa masikitiko. "Na unamlipa, Madam? Maana watu wa namna hii wanaonewa sana."

"Anakula hapa, analala hapa. Ni kama mtoto wangu."

"Haya. Nauliza kwa sababu tumeona mengi. Kuna shule tumekuta walimu wa nje, pasipoti zao zimefungiwa makabatini. Wenyewe tumewarudishia, wenye shule tumewapeleka mahakamani. Kama hapa yupo mtu wa hivyo, na aseme, asiogope."

Brighton hakuelewa yote, ila pasipoti aliielewa, na kurudishiwa, na asiogope. Mwiko ukasimama. Droo ilikuwa hatua chache kutoka pale, na mama huyu mwenye miwani angeweza kuifungua leo hii. Naima alikuwa anamtazama, ameuma mdomo wa chini.

Baadaye angependa kuamini kwamba alinyamaza kwa ajili ya Naima, ili yeye na mama yake wasionekane waongo mbele ya serikali. Haikuwa hivyo. Aliliona zizi tupu la kwao, akamwona mama yake akiwaeleza majirani kwa nini mwalimu amerudi mapema. Aliona aibu kurudi mikono mitupu, akachagua ububu. Mwiko ukaanza kuzunguka tena.

"POLE, KAKA!" mkaguzi alimpigia kelele sikioni, kama watu wanavyofanya kwa viziwi, akampapasa bega na kutoka. Vumbi la gari lao lilipotulia, Madam Hilda akagonga kengele ya paredi.

Watoto walijipanga juani, soksi zimeshakuwa nyekundu kwa vumbi. Brighton alisimama mbele, aproni ameivua lakini moshi umebaki kwenye shati.

"Leo tumepata wageni," Madam alisema kwa Kiingereza. "Na kuna mzazi alikuwa ofisini kwangu. Amesikia kwa masikio yake mwanafunzi wetu akibwabwaja Kiswahili mbele ya wageni. Mzazi huyo analipa ada. Nimwambie nini? Naima, njoo mbele. Ticha Brighton, kibao."

Brighton alidhani amesikia vibaya. Akasogea karibu yake, akanong'ona.

"Madam, huyu mtoto ametuokoa."

"Amekuokoa wewe," Madam alijibu, tabasamu likiwa bado linawatazama watoto. "Mimi nina shule, na shule ina sheria. Namba yao ya simu wameniachia, Ticha. Niwapigie warudi?"

Batuli alikuwa ametoka mlangoni mwa jiko. Alisimama pale, akipangusa unga mikononi kwa kanga. Naye alikuwa na mtoto anayesoma bure.

Naima akaja. Hakulia. Alisimama mbele ya Brighton, akainua ncha ya hijabu yake nyeupe ili kamba ipite bila kunasa, kisha akainamisha shingo, maana alijua ticha wake hapendi kuhangaika na fundo. Mikono ya Brighton ilinuka makande. Neno samahani lilikuwa limemfika kooni. Lakini lilikuwa neno la Kiswahili, na paredi nzima ilikuwa inasikiliza. Akalimeza.

Kamba ikakaa shingoni. Naima akainua uso.

"Thank you, teacher," alisema, kwa sauti safi, kama alivyofundishwa.

"Vizuri sana," alisema Madam Hilda, bado kwa Kiingereza. "Mnaona? Ameanza kuelewa. Mpigieni makofi."

Watoto wakapiga. Brighton naye akapiga.