Tulivyohukumu Michezo, Tharcisse na Mimi

Tharcisse aliondoka Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mwaka 2015, kwa pikipiki ya Assani, motari aliyebeba abiria mtaani kwetu, mpaka pale malori ya Mahagi yanapopakia. Aliniambia anakwenda kuchukua diski mpya zilizovuka kutoka Uganda, na kwamba Ijumaa atakuwa amerudi. Ijumaa lori lilipinduka kwenye mteremko. Jumamosi akaletwa akiwa amefunikwa.

Nieleze kazi yetu, kwa sababu watu wengi wa Bunia walimjua kwa sauti tu. Tulikuwa na chumba cha michezo ya video katika mtaa wa Saio, televisheni mbili na mashine mbili. Kila Jumamosi saa kumi alisoma kwenye redio ya mtaa hukumu yetu juu ya mchezo mmoja mpya: unafaa au haufai, na kwa nini. Mwandishi nilikuwa mimi. Yeye alicheza, mimi nikakaa nyuma yake na daftari, maana anayetazama huona mambo ambayo mchezaji haoni. Kisha tulibadilishana. Mwisho wa karatasi tuliandika kila mara: "Tumecheza siye wawili, Tharcisse na Ornella."

Tulihukumu kwa njia ya hapa kwetu. Mchezo wa mpira ulikuwa na nyasi nzuri na watazamaji wanaoimba, lakini umeme ukikatika dakika ya themanini unapoteza mechi yote. Tuliupa nne kwa kumi. Wa mbio za magari tuliupa nane, kwa sababu kila mbio inaisha kabla jenereta haijaanza kukohoa. Ule wa nyumba yenye mizimu ulimshtua Assani, motari mwenye mabega kama mlango, akaachia maneti, kile kidude cha kuchezea, ikaanguka sakafuni.

"Assani, weye unaogopa picha?" Tharcisse alimwuliza.

"Siogopi. Ile mukono ilitoka kwa ukuta bila kupiga hodi."

Niliyaandika maneno hayo kwenye hukumu vile vile.

Michezo ya vita hatukuigusa. Hilo niliomba mimi. Wakati ule watu walisema ni amani, lakini mama yangu bado aliweka mfuko wa nguo karibu na mlango, na mlio wa bunduki, hata wa televisheni, ulinitoa mimi chumbani. Siku moja ya mvua, hakuna wateja, Tharcisse aliniuliza kwa nini, nikamwambia. Mwaka 2003 nilikuwa na miaka tisa, huko Djugu. Tulijificha kwenye shamba la mihogo, mimi na mama mdogo wangu, Immaculée. Nilikuwa nimesikia wavulana wakubwa wakisema kwamba bunduki ina risasi thelathini, kisha inakuwa tupu. Mtu alikuwa anapiga risasi barabarani. Nikahesabu. Nilipofika thelathini nikamwambia mama mdogo, "Imeisha, tukimbie." Akaniamini, akatangulia. Labda nilikosea hesabu, labda walikuwa watu wawili. Haikuwa imeisha.

Mama yangu alijua tu kwamba mdogo wake alikufa akikimbia. Tharcisse alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa yaliyobaki. Alisema, "Hii itabaki hapa."

Tharcisse alipokufa nilimlilia kama watu wanavyomlilia ndugu. Kwenye matanga nilikaa mkekani na wanawake wa kwao, nikapika, nikaosha masufuria. Siku mbili kabla ya kuondoa matanga, mama yake, Mama Anastasie, alinipa bahasha iliyotoka katika mfuko wa mtoto wake.

"Hii ndiyo alisoma kule Mahagi, kwa redio yao," alisema. "Walikuwa wanataka kumupa kipindi. Utatusomea siku ya kutosha matanga. Soma kwanza weye peke yako."

Ndipo nilipojua kwamba safari haikuwa ya diski. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni kwao. Ilikuwa hukumu ya mchezo wa vita, kurasa tatu. Alisema ameucheza saa arobaini. Sijui alizipata wapi, labda Jumapili nikiwa kanisani. Alisifu moshi, alisifu nyayo kwenye matope. Kisha: "Bunduki inaisha kwenye risasi ya thelathini, na hapo mchezaji mjinga hutoka mafichoni. Kumbe kuna bunduki ya pili. Mchezo huu unasema kweli. Mwenzangu wa Djugu alihesabu thelathini akiwa mtoto, akamtoa mama yake mdogo nje, na mama mdogo akafa." Maneno "akamtoa mama yake mdogo nje" aliyapigia mstari, kama alivyofanya kila alipotaka kushusha sauti mbele ya kipaza sauti. Tisa kwa kumi. Na chini: "Tumecheza siye wawili, Tharcisse na Ornella."

Siku ya kuondoa matanga mama yangu alikaa benchi la pili. Nilisimama na karatasi nyingine mkononi, hukumu ya mchezo wa shamba, tuliyoiandika kweli sisi wawili. "Mahindi yanaiva kwa dakika nne," nilisoma, "na hakuna ng'ombe wa jirani anayeingia kuyala. Aliyetengeneza mchezo huu hajafika Ituri." Watu walicheka, wenye ng'ombe na wenye mashamba. Wengine walifuta machozi.

Baadaye Mama Anastasie aliniita nyuma ya nyumba.

"Ile haikuwa yenyewe."

"Hapana, mama."

"Alinisomea mbele ya kuondoka. Nikamuambia, mutoto wangu, tosha ile ya mama mudogo wa Ornella, usiisome, iko ya watu. Akacheka. Akasema, 'Mahagi iko mbali, hatasikia. Na bila ile, hukumu yangu iko sawa na ya kila mutu.'"

"Na ulitaka niisome mbele ya mama yangu?"

"Nilitaka uione. Kusema mubaya ya mutoto wangu mwenye kufa, kinywa yangu inakataa."

Mama yangu ana ndugu Mahagi, na redio hiyo inasikika soko zima. Jioni ile ile, alipokuwa anachagua maharage, nikamweleza yote, tangu mihogo mpaka bahasha. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea kutoa mawe.

"Thelathini, ulihesabu weye mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Miaka kumi na mbili tunakula sahani moja. Na ule kijana mwenye nilikuwa namupikia sombe, yeye alijua kwanza, mbele yangu."

Nilitaka kusema kwamba na mimi nilidanganywa, lakini kwake yeye mimi nilikuwa upande wa Tharcisse.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa kaka yake Mambasa, na yuko huko bado. Mdogo wangu Elodie akimpigia simu, anapokea. Nikipiga mimi, inalia mpaka inakatika.