Mstari Mwekundu kwenye Jina la Kokushubila

Jumanne ya tarehe 14 Oktoba, mwaka 1952, saa mbili na nusu asubuhi, ndipo nyumba ya Apolinari ilipoanza kuungua bila moto. Alikuwa kwenye foleni ya zahanati ya serikali, upande wa Temeke, gunia lake la kubebea mizigo bandarini likiwa begani. Amekuja kumchukulia mkewe, Kokushubila, vidonge vyeupe vya kifafa. Nyumbani kilibaki kimoja.

Marijani, dresa wa zamu, mhudumu wa kufunga vidonda na kugawa dawa, alifungua daftari.

"Shemeji ameanguka mara ngapi tangu Julai?"

"Hata mara moja!" Kifua kilimjaa. Kwao Bukoba ugonjwa ule hutajwa kwa kunong'ona. Leo alikuwa na la kutangaza mbele za watu.

"Basi kapona! Tuletee senene wa kukaanga wa kwenu tusherehekee." Foleni ikacheka. Marijani akachovya kalamu kwenye wino mwekundu, akalikata jina. Amri ilitoka juu: asiyeanguka miezi mitatu, aondolewe.

"Ila anapoteaga, bwana. Mwiko mkononi, macho wazi, unamwita haitiki. Halafu anarudi, anaendelea kukoroga kama hakuna kitu."

"Huko ni kuzubaa. Humu kitabuni hakuna safu ya kuzubaa. Haya, anayefuata!"

Nyumbani Kokushubila alimeza kidonge cha mwisho, akaitazama chupa tupu.

"Yule daktari aliyenianzishia dawa kabla hajahamishwa alinikanya nisiache hata siku moja."

"Wamesema umepona, mama. Wao ndio wenye kitabu."

Ijumaa alianguka akimenya ndizi. Akakakamaa, akatikisika, akatulia. Fahamu hazijarudi, akaanza tena. Na tena. Majirani walijazana mlangoni, kila mmoja akilikimbia povu lililomtoka mgonjwa mdomoni, asije akaambukizwa. Zubeida peke yake, mwenye duka la mkabala, alipiga magoti akamlaza ubavu. Wakamkokota kwa mkokoteni hadi hospitali. Sindano ilimkuta amekwishachoka. Alasiri akakata roho.

Daktari wa hospitali alivua miwani.

"Kifafa kina sura nyingi, mzee. Huko kupotea nako ni kifafa, na dawa yake ni nyingine, hapa hatuna. Lakini hivi vidonge vya kuanguka havikatwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa miezi. Nani amemkatia?"

Apolinari akamtaja Marijani. Marijani akaitaja amri. Ofisi ya wilaya wakasema amri si yao, imeshuka tu. Huko ilikoshuka, bawabu akamwuliza ana barua gani.

Matanga yalipoanuliwa alirudi zahanati, akaomba aonyeshwe daftari. Kusoma hakujua, ila ule mstari mwekundu aliujua. Akauwekea kidole.

"Mie ndiye niliyesema hajaanguka. Sikusema uongo, na hilo nitazikwa nalo. Lakini nyie mna kalamu, mna kitabu, mna wakubwa. Mliniuliza swali moja tu. Nani aliwaambia kwamba linatosha?"